Bango la Sitini

Mimi naitwa Hedwiga, na naanza na jina kwa sababu jina ndilo lililoniponza. Wengi wananijua kama Mama Anaeli wa stationari ya Daraja Mbili, yule mama mwenye mdomo. Mdomo ninao, sikatai. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye studio moja ya hapa mjini nikihariri video za harusi, macho yanauma, mgongo unauma, na mwisho wa kila video linatokea jina la bosi limezungushiwa maua. La kwangu hata siku moja. Nilipoulizia, akacheka. "Mama, nani anaangalia majina?" Naangalia mimi! Tangu hapo nikikaa mbele ya filamu yoyote siinuki mpaka majina yaishe yote, hadi la aliyepika chai. Mume wangu Manase ameshazoea, anasinzia kwenye kiti akinisubiri.

Ndiyo maana mimi na wenzangu watatu tulianzisha onyesho letu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa usharika pale Sekei, tunaonyesha filamu iliyotengenezwa na mwanamke. Siyo Siku ya Wanawake tu, tuvae vitenge vya sare, tupigwe picha, halafu kimya mpaka mwaka unaofuata. Kila mwezi! Tunazitafuta filamu wenyewe, tunachapa mabango, tunaita watu, na kwenye kila bango jina la aliyeitengeneza ndilo kubwa kuliko yote. Hiyo sheria niliiweka mimi. Wapo wanaotucheka. "Filamu za wanawake? Za kupika pilau?" Nawaambia njooni mle hilo pilau, na siku hizi baadhi wanakuja.

Sasa Simaloi. Aliingia stationari mwezi wa tano, mvua inamwagika, begi la kamera kalikumbatia ndani ya shuka kuliko anavyojikinga mwenyewe. Binti wa Kisongo, miaka ishirini na minne, mpole mpaka unatamani kumtikisa.

"Shikamoo, mama. Nimesikia mnaonyesha filamu za kina dada."

"Marahaba. Leta tuone."

Akachomeka flashi kwenye kompyuta yangu. Dakika ishirini na mbili, inaitwa Madumu ya Asubuhi. Ni mama yake na wenzake sita, wanakamua, wanachuja, wanabeba madumu, wanasimama kando ya barabara kungoja wateja, wanatupiana maneno, wanacheka, mmoja anamlalamikia ng'ombe wake kama anavyolalamikiwa mume. Hakuna anayeeleza chochote. Unatazama tu, na unaona maisha ya watu. Nilitoa machozi mbele ya wateja wa fotokopi, na sioni aibu kusema.

Nusu ya kwanza ya picha zile hakupiga Simaloi. Alipiga dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyenunua kamera na ndiye aliyeanza kazi yote. Akafariki mwaka juzi wakati wa kujifungua, yeye na mtoto. Simaloi akamalizia. Na pale mwisho, panapokuja majina, imeandikwa hivi: "Picha: Simaloi na dada yake." Basi.

"Dada yake nani?" nikamuuliza. "Hana jina?"

Akatazama chini. "Dada yangu tu, mama."

Nikajisemea moyoni, masikini, uchungu bado unamkaba. Jina nikaliona mwenyewe, limeandikwa kwa maka peni kwenye mkanda wa kamera: Silantoi. Nikalisoma kwa sauti. "Ndiye huyu?" Akaitikia kwa kichwa, akaufunika mkanda kwa kiganja. Mtu mwenye akili zake angejiuliza, huyu mtoto anafunika nini? Mimi sikujiuliza. Nilishakasirika tayari. Nikaona ni yale yale, mwanamke kafanya kazi nzuri hivi halafu jina lake linaishia kwenye mkanda wa kamera. Nikasema mimi Hedwiga hilo haliwezi kupita mikononi mwangu.

Lazima mjue na kwetu ninakotoka. Kwetu Kibosho marehemu anatajwa. Unampelekea padri jina kabla ya misa, na akiliruka kwa bahati mbaya, ukoo mzima unanuna mpaka Pasaka. Kumtaja ndiyo kumpenda. Sikuwa na habari kwamba kuna watu wanapenda kwa namna nyingine, na nimeishi Arusha miaka thelathini, nanunua maziwa ya Wamaasai, naitikia salamu yao ya "takwenya". Miaka thelathini!

Basi nikatengeneza bango. Sikumwonyesha Simaloi, nilitaka afurahi ghafla. Picha niliitoa mle mle kwenye filamu. Kuna mahali dada mtu ameiweka kamera juu ya jiwe, akasahau kuizima, akapita mbele yake na dumu mkononi, anacheka na mtu tusiyemwona. Uso wote unaonekana. Nikaikuza. Juu nikaandika Simaloi kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi kubwa vile vile: SILANTOI, ALIYEIANZA. HATUTAKUSAHAU. Nikachapa sitini. Nikapika gundi ya unga wa ngano mwenyewe, maana ile ya dukani inabanduka kwa upepo. Jumanne nikabandika kuanzia Daraja Mbili hadi Sekei, kisha Kisongo, hata kwenye nguzo ya kile kibanda ambapo kina mama wanauzia maziwa. Halafu nikamwandikia Bariki, mwenye gari la matangazo, maneno ya kusoma. Nikamwambia azunguke Kisongo Jumatano, siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, simu ikalia.

"Mama Anaeli." Sauti ya Simaloi sikuitambua. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Gari limepita hapa. Linamwita dada. Linamwita kwa jina, mama, kwenye spika, mbele ya mnada mzima."

"Sasa mwanangu, si ndiyo tunamuenzi..."

"Kwetu mtu akishaondoka haitwi jina! Hata nyumbani hatulitaji. Tangu siku ile mama hajalitaja. Mtoto wa shangazi alikuwa na jina hilo hilo, wakambadilishia."

Nikang'ang'ania. "Lakini ninyi si Walutheri? Si mnaenda kanisani?"

"Tunaenda. Na hatulitaji."

Nikakaa chini kwenye boksi la karatasi. Nikamsikia anapumua, anajizuia kulia. Kisha akanieleza taratibu, na ule upole wake ndio ulionimaliza. Mama yake amesema Jumamosi haji. Asipokuja yeye, wale sita wengine hawaji. "Nyuso ni zao, mama. Siwezi kuwaonyesha kwa watu wa mjini huku wenyewe wamekaa nyumbani wamefunga midomo. Wasipokuja, filamu haionyeshwi. Si Jumamosi tu, haionyeshwi kabisa. Na kamera namrudishia mama, afanye anavyotaka. Mimi nimemaliza."

"Usimalize! Simaloi, nisikilize..."

Akakata.

Yelewi! Nikampigia Bariki azime ile spika hata kama yuko katikati ya neno. Akaniuliza kwa nini, nikamfokea, halafu nikamwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Nilikuwa naiona sura ya Simaloi kila nikifumba macho. Mimi niliyejiita mtetezi wa filamu za wanawake ndiye niliyekuwa nakaribia kumnyang'anya mwanamke kamera. Wale wanaotucheka hawajawahi kufika huko. Manase akaniambia, "Utaomba msamaha, yataisha." Nikamwambia anyamaze, yeye hakusikia ile sauti.

Alhamisi asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba nikachuma isale. Ule mmea nilitoka nao Kibosho nilipoolewa, na hata mtu awe amekukosea vipi, akikuletea isale huwezi kumkatalia msamaha. Bariki akaja kujitolea kunipeleka. Nikatazama gari lake, spika mbili juu ya paa.

"Kwa hilo gari? Bariki, unataka wanipige mawe?"

Nikapanda bodaboda, isale nimelifunga kwenye kanga.

Mama yao anaitwa Mama Lesikar. Nilimkuta uani anasugua madumu, Simaloi yuko pembeni anasuuza. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono imara. Kwenye filamu ndiye anayecheka kuliko wote. Siku hiyo hakucheka. Nikamsalimu kwa lugha yao, "Takwenya." Akasugua dumu moja hadi likaisha, akaliinamisha limwage maji, ndipo akajibu, "Iko."

Nikapiga magoti pale pale kwenye matope, nikanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Hili la nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akalipokea, akaligeuza huku na huku, akalitazama kama mtu anayeonyeshwa dawa asiyoijua.

"Mbuzi wangu hawali hili," akasema.

Simaloi akauma mdomo. Na mimi nikaona nimeongeza kosa juu ya kosa, nimekuja kuomba radhi kwa mila yangu nyumbani kwa mwenye mila yake. Nikasema, "Mama Lesikar, nisamehe. Sikujua. Nilitaka watu wajue ni kazi yake."

Akaliweka isale juu ya jiwe, akakaa kwenye dumu lililopinduliwa.

"Jumatano nilikuwa barabarani, nampimia mteja," akasema. Kiswahili chake cha sokoni, kimenyooka. "Nikasikia mtoto wangu anaitwa. Kwa nguvu. Unajua nilifanya nini, Mama Anaeli? Niligeuka. Nikageuka kumtazama anakotokea."

Nikainamisha kichwa.

"Maziwa yakamwagika yote kwenye miguu ya mteja. Nikaona ni gari." Akajifuta mikono kwenye shuka. "Ndiyo maana hatuwaiti. Ukiita, moyo unageuka, halafu hakuna mtu."

Nililia, jamani. Sikuwa nimeenda kulia, nilikuwa nimeenda kuomba, lakini nililia mpaka Simaloi akaniletea maji. Mama mtu aliningoja nimalize, hakunifariji wala hakunifukuza.

"Ulibandika mangapi?" akauliza.

"Sitini."

"Yatoe. Yote. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Na Jumamosi, mama? Mtakuja?"

"Yatoe kwanza."

Ijumaa nilianza kungali na umande. Nilikuwa na ndoo ya maji, kisu cha jikoni na orodha ya mahali nilipobandika, maana mimi huandika kila kitu. Na ile gundi yangu niliyojisifia! Haikubanduka kwa upepo, haikubanduka kwa maji, haikubanduka kwa kisu. Nilikwangua ukuta wa kinyozi Daraja Mbili hadi kucha mbili zikakatika. Kila bango lilikuwa na ule uso unaocheka, na sikuthubutu kuupitishia kisu, kwa hiyo nilianzia pembeni, taratibu, nikitoa karatasi nzima. Watu wakaniuliza, "Mama Anaeli, onyesho limeahirishwa?" Nilisema, "Bado," wakanishangaa, bado nini?

Saa kumi jioni nikafika Kisongo na mabango hamsini na tisa kwenye mfuko. Lilibaki moja, lile la kwenye nguzo ya kibanda cha maziwa. Nikafika. Nguzo tupu! Zimebaki pembe nne za karatasi, zimeganda na gundi yangu.

Nikazunguka kibanda, nikatazama mtaroni, nikauliza wenye maduka, hakuna aliyeona. Nikaanza kuwaza mabaya. Labda mtu kalichukua kubandika baa. Labda kesho litaonekana mahali, na yule mama apite. Ningeweza kusema sitini, nani angehesabu? Lakini nikaona tayari nimefanya mengi bila kumwambia huyu binti. Nikampigia Simaloi.

"Hamsini na tisa," nikasema. "Moja silioni. La kibandani."

Akasema, "Nitamwambia mama," na sauti yake haikuniambia lolote.

Jumamosi saa nane ukumbi ulikuwa tayari. Viti themanini, mapazia ya madirisha nimeyafunga vizuri, projekta imejaribiwa mara tatu. Watu wa mjini wakaja wengi, kuliko siku zote, kumbe yale mabango yalikuwa yameshawavuta. Mbele kabisa akakaa Evelyn, mwalimu wa mambo ya kamera kwenye chuo kimoja cha hapa, mwanamke mchangamfu anayekuja kila mwezi na daftari lake. Wiki hiyo alikuwa safarini, mabango hakuyaona. Safu mbili za nyuma niliziwekea karatasi: Kina mama wa Kisongo. Safu zile zilikuwa tupu.

Saa tisa. Tupu. Saa tisa na robo, watu wakaanza kukohoa. Simaloi amesimama kando ya kompyuta, flashi ameishika mkononi, hajaichomeka. Nikamwendea.

"Tungoje kidogo."

"Mpaka na nusu," akasema. "Halafu naondoka nayo."

Nilisimama mlangoni, nikitazama njia inayopanda kutoka barabarani. Nikasali rozari kwa vidole, na vidole vyenyewe vinauma kwa kukwangua. Saa tisa na dakika ishirini na sita nikasikia shanga kabla ya kuona watu. Wakaja saba, kwa mstari, wamevaa mashuka ya sikukuu, na Mama Lesikar nyuma ya wote. Wakanipita wakiitikia salamu kwa kichwa. Yeye alisimama mbele yangu kidogo, akavitazama vidole vyangu, akaingia.

Simaloi akachomeka flashi.

Sikuitazama filamu. Nilimtazama mama mtu, dakika zote ishirini na mbili. Wenzake walicheka pale pa ng'ombe na mume, na ukumbi mzima ukacheka nao. Pakafika pale kamera iko juu ya jiwe. Yule binti akapita na dumu lake, anacheka, ukutani, mkubwa kama nyumba. Safu mbili za nyuma zikainamisha vichwa zote. Yeye peke yake hakuinama.

Ikaisha. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Nikashika kipaza sauti kuwashukuru, nikidhani hatari imepita, na mkono wa Evelyn ukawa juu tayari.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Zile picha za alfajiri za mwanzoni ni kazi ya mtu mwenye jicho kali sana. Hapa mmeandika 'dada yake' tu. Jina lake nani? Mama Anaeli, wewe ndiye unayetuambia kila mwezi tuwataje. Tusipowataja sisi, atawataja nani?"

Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Mungu wangu! Watu themanini wananitazama. Bariki, aliyekuja na kukaa kimya pembeni, akafumba macho. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi wangu, na miaka yote niliyowahi kuishi ilikuwa inanisukuma nilitoe.

"Ni dada yake Simaloi," nikasema.

"Ndiyo, lakini anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza hadi ikawa aibu, watu wakaanza kunong'ona. Sikuwahi kunyamaza namna hiyo mbele ya watu. Nikamwona Evelyn anashusha kalamu, anakunja uso, haelewi. Ndipo nikasikia shanga.

Mama Lesikar alikuwa anakuja mbele, taratibu, katikati ya viti. Akafika mezani. Akaingiza mkono chini ya shuka, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akainyoosha kwa viganja mbele ya watu wote. Pembe zake nne hazikuwepo. Lilikuwa bango la sitini. Chini, palipokuwa na jina, palikatwa kwa kisu, pamenyooka, pamebaki dirisha. Uso ulikuwa mzima.

Akaliinua, dirisha likaangukia kifuani kwake, rangi nyekundu ya shuka ikaonekana pale palipokuwa na jina.

"Huyu," akasema. "Ni mtoto wangu. Zile picha alipiga yeye. Muangalieni."

Wakamwangalia. Evelyn akafunga daftari bila kuandika. Sijui kama alielewa yote, lakini hakuuliza tena. Mama mtu alilishika lile bango juu mpaka akaona wametosheka, kisha akalikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akalirudisha chini ya shuka.

Alipokuwa anapita kurudi kwenye kiti chake akasimama karibu yangu.

"Hili silitoi," akaniambia, kwa sauti ya chini. "Sina picha nyingine yake akicheka."

"Nitakuchapia, mama," nikasema. "Bila maneno."

Akafikiri. "Kubwa," akasema. Halafu akamgeukia Simaloi, akamsemesha Kimaasai, maneno machache, nami sikuyajua. Simaloi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa mkono ulioshika flashi.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema kesho alfajiri nije na kamera. Ng'ombe wetu mmoja anazaa."